Mdomo wa Mfongo na Wageni wa Shirika

Vijana wa ofisi ya maji waliniaga kwa chai, maandazi na redio ya mkononi. Anna, aliyeishika kazi yangu, akaniomba niandike kidogo yale niliyoyaona. Nimekubali, kwa sababu Mungu amenipa uzee wenye macho yanayosoma bado, na si vizuri kuyakalia bure. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize masijala. Mimi nitaandika juu ya kazi yenyewe, yaani kusimama kati ya watu wawili wasioelewana lugha na kuhakikisha kila mmoja anaondoka na kile mwenzake alichosema, si kile alichotamani kusikia.

Niliajiriwa Moshi mara tu baada ya Uhuru. Nilikuwa na Kichagga cha nyumbani Old Moshi, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha misheni, na baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, kwa hiyo kusimama mbele ya watu hakukunitisha. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya. Mzee Filipo, mkalimani mkuu aliyekuwa amezeekea mahakamani enzi za Mwingereza, alivitazama vile viatu kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

"Vinalia," alisema.

"Vitazoea, mzee."

"Vitazoea wewe utakapokuwa umeshafukuzwa. Watu wanatakiwa wasikie maneno, wewe unawasikilizisha ngozi ya ng'ombe. Kesho njoo na vya zamani."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kusimama pembeni na siyo nyuma ya msemaji, kunywa maji kabla ya kikao na chai baada yake, na kutotengeneza maneno ya mtu yawe mazuri kuliko alivyoyasema. Lakini somo lake kubwa alinipa tukiwa njiani kwenda Mabogini, tumekaa nyuma ya gari juu ya mifuko ya saruji. "Mtu mkubwa akizungumza," aliniambia, "sikiliza lile neno analolirudia bila kuulizwa. Usilitafsiri kwa nguvu, litafsiri kama alivyolisema. Ila wewe lisikie."

Miaka ile ya mwanzo wageni walikuwa wengi. Kulikuwa na shirika moja la mataifa ambalo jina lake sitalitaja, maana wengi waliolitumikia walikuwa watu wema, na baadhi nimewaombea hadi leo. Lilikuwa la nchi zote. Kila nchi ilikuwa na kiti, hata sisi wageni wa mezani, na jambo hilo lilitufurahisha mno. Magari yake yalikuwa na nembo ya dunia nzima mlangoni. Ila mkurugenzi wake, akitoka mmoja na kuingia mwingine, alikuwa mtu wa nchi ile ile kubwa. Mifuko ya unga wa maziwa ilikuwa na nembo ya dunia kwa mbele, na ukiigeuza unakuta bendera ndogo ya nchi hiyo. Gari la sinema lililopanda hadi uwanja wa shule lilionyesha namna ya kuchemsha maji ya kunywa, kisha likaonyesha mkulima wa nchi ile na trekta lake, mke wake na jokofu lao. Watu walisahau maji ya kunywa wakazungumza habari za jokofu hadi msimu wa kahawa.

Mimi mwenyewe Shirika lilinipeleka huko kusoma ukalimani. Nilikaa kwa familia moja iliyonipeleka kanisani kila Jumapili, ikaninunulia koti zito, na siku ya kuondoka mama wa nyumba alilia. Nilirudi nikiipenda nchi ile. Hakuna aliyeniagiza niipende, na sijutii, maana upendo wa mama yule ulikuwa wa kweli. Lakini baadaye niligundua kwamba karibu kila mtu niliyekaa naye mezani wizarani alikuwa na koti kama langu. Mtaalamu wa nchi hiyo akisema jambo, sisi wenye makoti tulianza kutikisa vichwa kabla hajamaliza. Serikali nyingine huleta askari ili zipate vichwa vinavyotikisika namna hiyo. Hawa walileta nguo za baridi.

Kesi ngumu ya maisha yangu ilikuwa ya Uru, kule mlimani, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati kila kijiji kilitakiwa kiwe na maji ya bomba. Shirika lilikubali kugharamia bomba kutoka chemchemi moja ya juu. Mtaalamu wao aliitwa Bwana Lorimer, mtu mrefu mwenye subira, aliyejifunza kusema shikamoo hata kwa watoto mpaka tukamwonya. Alipenda ndizi za kiburu, zile zilizopikwa na maharage, na alizila kwa namna ambayo mtu hawezi kuigiza.

Chemchemi ile ndiyo iliyolisha mfongo. Kwa msomaji asiye wa kwetu, mfongo ni mtaro uliochimbwa na mababu, unaozunguka kingo za mlima na kuyashusha maji shamba hadi shamba, kwa zamu. Kila mfongo una mzee wake. Mzee wa mfongo ule alikuwa Ndesario, ambaye watu wote walimwita Meku, yaani mzee wetu, na kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kilikuwa cha kwanza chini ya mdomo wa mfongo, mahali ambapo maafisa wanapaita banio. Masharti ya Shirika yalikuwa kwamba maji yote yaingie bombani na mdomo huo ufungwe kwa zege. Kanuni za afya, walisema, haziruhusu chanzo kimoja kiwe na midomo miwili. Mabomba, koki na mashine ya kutia dawa vingetoka nchi ile kubwa. Fundi wetu alinionyesha kwamba nyuzi za mabomba yale, ile mikato ya mzunguko inayokazwa, hazikubali koki ya nchi nyingine yoyote. Ukishafunga bomba la kwanza umefunga na duka utakalonunulia.

Mtu wa nje angesema bomba ni bora kuliko mtaro, na kwa kunywa ni kweli. Lakini bomba lilipangwa kwa ajili ya ndoo. Halikupangwa kwa migomba, wala kahawa, wala ng'ombe wa zizini. Mdomo ule ukifungwa, familia zote za chini ya Meku zingekuwa na maji safi ya kunywa na mashamba yanayokauka. Wakati huo mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshakubali kwa mdomo. Kilichobaki ni kutia sahihi siku mjumbe wa baraza la Shirika atakapokuja.

Kabla ya siku hiyo wapima ardhi walipita na vigingi. Vibarua wao walikuwa watu wa mikoa mingine waliotoka kwenye mashamba ya miwa, wachapakazi na wacha Mungu, lakini hawakujua mila za mlimani. Walipofika kwa Meku walikuta safu ya masale, ile mimea yenye majani marefu membamba, wakadhani ni maua ya uzio. Wakaikata ili kamba ya kupimia inyooke. Safu ile ilikuwa mpaka wa kihamba, na mwisho wake lilikuwa kaburi la baba yake Meku.

Hakuna aliyepiga kelele. Kesho yake tu hakuna aliyekuja kuchimba. Kina mama waliokuwa wakiwauzia vibarua ndizi walipita wakitazama mbele. Mwenyekiti akapata homa. Bwana Lorimer alipeleka fidia, ikarudi, akapeleka kubwa zaidi, nayo ikarudi pamoja na mkungu wa ndizi, ili asije akafikiri amechukiwa. Akaniita.

"Wanataka nini?" aliniuliza.

"Hawataki kitu. Umekosa. Kwetu mtu aliyekosa huenda na jani la isale mkononi. Ukifika nalo, uliyemkosea hawezi kukufukuza, hata kama umemuumiza vibaya. Lazima akusikilize na mpatane."

"Lazima? Nani anamlazimisha?"

Nilifikiri. "Hakuna. Lakini sijamwona mtu aliyelikataa akabaki na jina zuri."

Aliandika jambo hilo kwenye karatasi, kwa maana aliandika kila kitu. Mimi sikuona taabu ya imani katika hilo. Baba yangu mwinjilisti alimpelekea isale mzee wa kanisa waliyegombana juu ya ng'ombe, na Jumapili iliyofuata wakapiga magoti pamoja kwenye Meza ya Bwana.

Asubuhi tuliyopanga, Bwana Lorimer alinitangulia. Nilipofika nilimkuta getini kwa Meku, amevaa tai, amekumbatia mzigo wa majani ya isale kama mtu anayepeleka majani kwa ng'ombe. Alikuwa amefikiri kwamba kosa kubwa linahitaji majani mengi. Nyuma yake alisimama jirani wa Meku, Bwana Kirita, mikono kiunoni.

"Muulize huyu rafiki yako," Kirita aliniambia, "mpaka wangu ameukata kwa ajili gani."

Nilitafsiri. Bwana Lorimer aliutazama mzigo, akautazama mpaka wa Kirita uliobaki vipara, akawa mwekundu hadi masikioni. Kwa Kiingereza akasema neno moja ambalo sikulitafsiri, na hiyo ni mara pekee nimeivunja kanuni ya Mzee Filipo.

Meku alitoka nyumbani aliposikia sauti zetu. Alikuwa mtu mdogo, aliyevaa koti la mvua hata kwenye jua. Alipoelezwa alicheka mpaka mke wake, Bibi Manka, akamletea kigoda.

"Huyu anaomba radhi kwa kosa lile lile," alisema alipopata pumzi. "Kirita, msamehe na wewe hapo hapo, tusimchoshe mgeni."

"Nimsamehe kwa majani yangu mwenyewe?"

"Kwani yapo ya nani mengine?"

Kirita naye akacheka. Meku akachukua jani moja tu, akalifunga fundo, akaliweka mfukoni mwa koti lake. "Mengine," akaniambia, "mwambie tutayapanda naye pale yalipokatwa. Isale halifi upesi." Nao wakayapanda, watatu hao, mtaalamu akiwa amelegeza tai, na mimi nikimwagia maji. Watu wa Uru wengi ni Wakatoliki, na waliopita barabarani walinitania kwamba Mlutheri amekuja kuyabatiza masale.

Kisha tukaketi. Bibi Manka akaleta mtori. Meku aliposhiba alimwomba Bwana Lorimer asimame, naye akasimama mbele yake. Akalitoa lile jani lenye fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Sasa mimi ndiye mwombaji," alisema. "Usiufunge mdomo wa mfongo."

Nilifungua kinywa kutafsiri, lakini nilipomtazama Bwana Lorimer niliona ameshaelewa. Alikuwa amejifunza mila ile vizuri, na alikuwa ameitumia mwenyewe muda mfupi uliopita. Nilitafsiri hata hivyo, kwa sababu ndiyo kazi.

"Mwambie kanuni si zangu," alisema polepole. "Zimetoka kwenye baraza."

"Sikuliomba baraza," alisema Meku. "Baraza halijala mtori wangu."

Jani lilibaki limenyooshwa. Kuku wakapita kati yao. Mwisho Bwana Lorimer akalipokea.

Mjumbe wa baraza alikuja baada ya wiki kadhaa, na magari, na mpiga picha kutoka makao makuu. Alikuwa mtu wa nchi ile kubwa, mwenye sauti ya kupendeza. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, watu wa Uru wote wamekaa kwenye nyasi, maafisa wa wizara kwenye viti. Nilisimama pembeni na viatu vyangu vya zamani. Mjumbe alisema nchi zote ni sawa kwenye Shirika. Akasema amesikitika kidogo kuona namna serikali yetu ilivyopiga kura kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, lakini yeye hachanganyi mambo, maana kati ya marafiki hayo hutokea. Sisi ni marafiki. Bomba hili ni la marafiki. Baraza linapenda kusaidia marafiki. Nililisikia neno lile kila liliporudi, na niliona maafisa wenye makoti wakitikisa vichwa.

Ndipo Bwana Lorimer akasimama. Akasema amepima upya, na anapendekeza banio lenye milango miwili, mmoja wa bomba na mmoja wa mfongo, na dawa itiwe bombani chini ya banio, si kwenye chemchemi. Mfukoni mwa shati lake nililiona jani, limekauka. Mjumbe aliendelea kutabasamu, akasema kwamba pendekezo hilo ni zuri, ila baraza lina kanuni, na karatasi ziko tayari, na watu wamekuja kupiga picha. Akamwita Meku, mzee wa kuheshimika, waje wapeane mikono mbele ya watu wote.

Meku alikwenda. Alisimama pale alipoonyeshwa, akaitazama kamera, na akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mkono, Meku," afisa mmoja wa wizara alimnong'oneza.

"Mwambie mgeni," Meku aliniambia mimi, bila kumtazama afisa, "nimemsikia akisema sisi ni marafiki. Mimi nina furaha. Rafiki yangu hafungi maji ya migomba yangu. Kama ni rafiki, mkono huu hapa. Kama ni baraza, apige picha na mwenyekiti."

Mwenyekiti wakati huo homa ilikuwa imemrudia.

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ile ile, bila kulipunguza wala kulipamba. Nilimwona mjumbe akiangalia watu waliokaa kwenye nyasi, kisha mpiga picha, kisha Bwana Lorimer. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yote niliyokuwa nimeifanya tangu ujana. Nchi ile ingeweza kutunyima bomba na isingepata hasara yoyote. Lakini haikuja Uru kwa ajili ya bomba. Ilikuja ili ipendwe, na mtu anayetaka kupendwa hawezi kurudi nyumbani na picha ya mzee aliyeficha mikono. Mjumbe alikuwa na nguvu zote isipokuwa mkono wa Meku.

"Milango miwili," mjumbe alisema hatimaye, akicheka. "Kwa nini tusiwe na milango miwili? Nitazungumza na baraza."

"Anasema milango miwili," niliwaambia watu, "na atazungumza na baraza."

"Azungumze kwanza au ajenge kwanza?" aliuliza Meku.

"Tutajenga," alisema Bwana Lorimer kwa Kiswahili, na mjumbe hakumpinga. Meku akatoa mikono, yote miwili.

Banio lilijengwa likiwa na milango miwili. Mwaka uliofuata Shirika lilichapa kalenda nzuri ya karatasi ngumu, na mwezi wa sita ulikuwa na Meku akishikana mikono na mjumbe, na maneno chini yanayosema kwamba Shirika huwasikiliza wananchi. Ilitundikwa kila ofisi Moshi mjini. Nilimpelekea Meku nakala yake, nikiwa na uchungu kidogo, nikamsomea maneno yale. Akayasikiliza.

"Maji yanapita?" aliniuliza.

"Yanapita, Meku."

"Basi waache watangaze. Kalenda itakwisha Desemba."

Bwana Lorimer alihamishwa nchi nyingine, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Sijui kama ilikuwa adhabu na sikuuliza. Alikuja kuniaga ofisini, na tukasali pamoja, kila mmoja kwa lugha yake.

Kwa miaka kadhaa bomba lilifanya kazi vizuri na watoto waliacha kuumwa tumbo, na kwa hilo namshukuru Mungu, na Shirika pia. Kisha nyakati zikawa ngumu. Mashine ya dawa iliharibika, vipuri vikawa vya nchi moja tu, na kwa miaka hiyo serikali yetu na nchi ile hazikuwa na urafiki wa kalenda. Fundi alijaribu koki za nchi nyingine, nyuzi zikakataa. Bomba likaanza kuvuja, mwisho likatoa upepo. Kina mama wakarudi kuchota maji ya mfongo na kuyachemsha, kama lile gari la sinema lilivyotufundisha. Migomba haikuguswa na mambo hayo yote. Meku alifariki katika miaka hiyo, na tulimzika karibu na safu ile aliyoipanda na Bwana Lorimer na Kirita, ambayo ilikuwa imefika mabegani mwa mtu.

Safari yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa Uru tena. Ulikuja ujumbe wa shirika jingine, wenye nembo nyingine na nchi kubwa nyingine nyuma yake, kutaka kufufua bomba. Mkalimani alikuwa Anna, na mimi nilikaa nyuma kama mgeni. Vikombe vya chai vilipangwa nyumbani kwa Bibi Manka, ambaye sasa ndiye aliyeangalia mfongo, jambo ambalo wazee wa zamani wasingelikubali na sasa hakuna aliyekumbuka kulikataa. Kiongozi wa ujumbe alikuwa mama mpole aliyejiandaa vizuri. Alieleza kwamba mabomba mapya yangekuwa imara zaidi iwapo chanzo kingekuwa na mlango mmoja. Akasema uamuzi ni wa wananchi. Wao hushauri tu. Uamuzi ni wetu. Hakuna atakayetulazimisha, kwa sababu uamuzi ni wetu.

Anna alitafsiri vizuri sana. Kisha aligeuka akanitazama, na nikaona amelisikia lile neno. Mimi nikatazama migomba, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imekwisha.

Bibi Manka alikuwa akimimina chai. Hakuacha kumimina.

"Mwanangu," alimwambia Anna, "mwambie mama huyu tunamshukuru kwa kutuachia uamuzi. Tulishaamua siku nyingi, mume wangu akiwa hai. Milango ni miwili. Kama ana mabomba ya kuingia kwenye mmoja wake, nyuzi zake ziwe zinakubali koki ya duka lolote." Akasukuma kikombe mbele ya mgeni. "Na umwambie anywe, itapoa."